Kikundi cha familia: Bango la Kabwe

Jumapili, 24 Agosti 2025

Shangazi Uyole (17:42): Shikamooni wakubwa, watoto hamjambo. Natoka kanisani nakutana na bango la ndondi pale Kabwe, hapa Mbeya. Picha ya mdogo wangu, ngumi juu. Uzito wa juu, raundi 8, Septemba 27. Kwenye kikundi hiki nani alijua akanyamaza?

Shangazi Uyole (17:44): Nasubiri.

Shangazi Uyole (17:53): Naona mmesoma. Iringa umesoma. Kyela umesoma. Makambako umesoma. Na mwenye bango amesoma.

Dogo Dodoma (17:55): Shikamoo shangazi. Bango nimetumiwa. Ile picha ni ya zamani jamani, baba mdogo ana nywele mpaka mbele 😂😂

Shangazi Uyole (17:55): Mwanangu, mimi sijacheka.

Kaka Iringa (18:03): Shikamoo shangazi. Promota ni mtu wa huku kwetu. Aliniomba namba ya baba mdogo, nikampa. Zaidi ya hapo walielewana wenyewe.

Shangazi Uyole (18:03): Ulimpa namba. Haya. Na huyo kijana wanayepigana ana miaka mingapi?

Kaka Iringa (18:04): 24.

Shangazi Uyole (18:04): Na mdogo wangu?

Kaka Iringa (18:06): Shangazi, si wewe ndiye unayejua.

Shangazi Uyole (18:06): 45. Nimembeba mgongoni mimi, najua.

Baba Mdogo Mafiati (18:10): Shikamoo dada. Nipo, nilikuwa chini ya gari la mtu, mikono oili tupu. George Foreman, bondia wa Marekani, naye alikuwa na 45. Novemba 5, 1994, Las Vegas. Michael Moorer alikuwa na 26 na mkanda kiunoni. Majaji wote watatu walikuwa wanampa Moorer. Raundi ya 10 mzee akaachia mkono wa kulia, mfupi tu, kijana chini, hesabu ikaisha. Na alivaa bukta ileile aliyopigwa nayo na Ali Kinshasa 1974. Miaka 20 kaitunza.

Dogo Dodoma (18:11): Na wewe ile bukta yako ya njano ipo?

Baba Mdogo Mafiati (18:12): Ipo. Lastiki tu ndiyo imelegea.

Dogo Dodoma (18:12): Haijalegea hiyo, imezidiwa 😂😂 ndizi mbalaga za Tukuyu si mchezo

Kaka Iringa (18:13): 😂😂

Dogo Dodoma (18:13): Asisahau sugunyo, ile ngumi ya bondia Mandonga. Wanyonyi wa Kenya mwenyewe anaijua

Shangazi Uyole (18:15): Mnacheka. Nani hapa alikaa naye baada ya lile pambano la Songwe? Nyie mlikuwa shule.

Dada Nesi (18:31): Shikamooni. Naingia zamu ya usiku, nasema haraka. Foreman tunampenda wote, Mungu amlaze pema, amefariki Machi mwaka huu. Lakini baba mdogo, Foreman aliacha 1977 akarudi 1987. Miaka kumi kichwa hakijaguswa. Akarudi akapigana na watu wa kawaida miaka kadhaa kabla ya kumfikia Moorer. Wewe umeacha, sawa, lakini uliachaje? Na tangu urudi umepigana na nani?

Dada Nesi (18:36): Mbona Ali hamumtaji? Oktoba 2, 1980, Las Vegas. Ali 38, Larry Holmes 30. Ali alipimwa kabla, kliniki ya Mayo, akaruhusiwa. Alikuwa amekonda vizuri, nywele nyeusi, watu wakasema kijana amerudi. Kumbe alikuwa anameza dawa za tezi ya shingo, mwili umekauka maji. Raundi 10 anapigwa, hajarusha ngumi ya maana. Angelo Dundee ndiye aliyemwambia refa basi. Na bado Desemba 1981 akarudi tena ulingoni Bahamas, akapoteza kwa Trevor Berbick. 1984 wakamkuta na Parkinson.

Dada Nesi (18:37): Kwa hiyo ukisema Foreman, na Ali useme.

Baba Mdogo Mafiati (18:40): Mwanangu nakuelewa. Lakini juzi tu, Julai, Wembley. Usyk 38, Dubois 27. Raundi ya 5 kazi imeisha. Umri si kila kitu.

Dada Nesi (18:41): Usyk hajawahi kupoteza hata pambano moja la kulipwa. Wiki iliyopita Riyadh je? Dillian Whyte 37, Moses Itauma 20. Raundi ya kwanza haikuisha.

Dogo Dodoma (18:42): Ile nilienda kutafuta chaja, narudi refa anampungia mikono

Kaka Iringa (18:44): Ila Tyson alikuwa na 58 na Jake Paul 27, na raundi zote 8 akamaliza amesimama. Mwaka jana tu.

Dada Nesi (18:45): Raundi za dakika 2. Glavu za aunsi 14 badala ya 10. Walijua kwa nini wamepanga hivyo. Promota wako amepangaje?

Kaka Iringa (18:47): Dakika 3. Glavu sijauliza.

Shangazi Uyole (18:47): Uliza sasa hivi.

Kaka Iringa (18:52): Hapokei.

Mama Mdogo Kyela (19:01): Poleni na kazi. Haya ya leo niliyasema tangu Songwe. Nikaambiwa mimi nimeolewa tu, ya ukoo niwaachie wenyewe.

Baba Mkubwa Makambako (19:05): Ya Songwe yalishaisha.

Mama Mdogo Kyela (19:06): Mliyamaliza nyie. Ng'ombe aliyelipia matibabu alitoka zizi la nani?

Baba Mkubwa Makambako (19:06): Wa mume wako? Thibitisha.

Mama Mdogo Kyela (19:07): Ujumbe huu umefutwa

Baba Mkubwa Makambako (19:08): Nimeshausoma.

Shangazi Uyole (19:09): Kaka. Shemeji. Tafadhali. Nataka tuongee juu ya kichwa cha huyu mtu, si ng'ombe.

Baba Mdogo Mafiati (19:17): Basi niseme. Huyu kijana nilimfundisha mimi kufunga bandeji pale Mwanjelwa. Alikuwa anakuja hana viatu, nikampa vyangu. Juzi yuko redioni anasema mimi ni mzee wa kupigia picha, nitaanguka kabla watu hawajakaa. Wateja wangu gereji wamesikia. Mwanangu amesikia, akaniuliza ni kweli? Sikuwa na jibu. Advansi nimeshachukua, imeenda ada. Sirudi kwa ajili ya mkanda.

Dogo Dodoma (19:18): 🙏🏿

Dada Nesi (19:20): Baba mdogo, pole kwa hilo, kwa kweli inauma. Holmes naye alikuwa mtu wa mazoezi wa Ali. Alikulia kwenye kambi yake. Siku ile raundi zinavyokwenda alikuwa anamgeukia refa, asimamishe. Kijana wako yule sidhani kama ana roho hiyo.

Dada Nesi (19:22): Na jingine. Nasikia unakimbia asubuhi umevaa nailoni, upungue. Kwa nini? Uzito wa juu ukishavuka kilo 90 na ushee hauna kikomo juu. Foreman siku ya Moorer alikuwa na kilo 113. Hakuna mtu wa kukukatalia uzito. Ukipanda umekauka, ubongo unacheza ndani ya fuvu kirahisi zaidi. Vua hiyo nailoni kesho.

Baba Mdogo Mafiati (19:24): Hilo nimekubali.

Dada Nesi (19:26): La mwisho, naingia wodini. Sisemi usipigane, wewe ni mtu mzima. Nauliza kitu kimoja: nani atakaa kona yako? Si wa kukupa maji. Wa kusema basi. Ali alikuwa na Dundee, na hata Dundee alichelewa. Songwe kona yote ilikuwa ya promota. Taulo lilikuwa begani kwa mtu aliyekuwa analipwa ukimaliza raundi.

Shangazi Uyole (19:27): Wote mmesoma hapo? Jibuni. Nani kona?

Shangazi Uyole (19:41): Nani kona?

Dogo Dodoma (19:43): Shangazi mimi nipo mitihani

Baba Mkubwa Makambako (19:50): Mimi presha yangu mnaijua.

Kaka Iringa (19:52): Naweza mimi.

Shangazi Uyole (19:52): Wewe uliyegawa namba? Kaa hapohapo ulipo.

Mjukuu wa Babu (20:18): Shikamooni wote. Babu nilimsomea yote tangu mwanzo. Alitaka kutuma sauti lakini mtandao unakata, amesema niandike kama anavyosema, nisiongeze neno.

Mjukuu wa Babu (20:26): Ndaga. Nimesikia mnabishana kwa habari za watu wa Marekani. Hao mimi siwajui. Namjua huyu. Mlimleta hapa Tukuyu usiku, mvua inanyesha, jicho limefunga. Mama yenu akamwita kwa jina la nyumbani. Akamwangalia, akageuka akaniuliza mimi, huyu mama ni wa nani? Mama yenu akatoka, akaenda jikoni, akakaa kwenye kigoda mpaka kukapambazuka, moto hajawasha. Hakumwambia mtu mpaka anakufa. Sasa hayupo, nasema mimi.

Mjukuu wa Babu (20:29): Mwanangu, siwezi kukufunga kamba. Ila ukitaka kupanda huko, karatasi ya daktari isomwe hapa sebuleni kwangu kwanza, mimi nikiwa nimekaa. Na anayekaa nyuma yako awe mtu wa nyumba hii. Akisema basi, ni basi, hata kama una nguvu. Na ng'ombe wa Songwe alikuwa wangu. Nilimpa mwenyewe. Asiyejua sasa amejua.

Mjukuu wa Babu (20:29): Amemaliza. Ameingia kulala.

Shangazi Uyole (20:44): Tumesikia baba.

Baba Mkubwa Makambako (20:51): Tumesikia baba.

Mama Mdogo Kyela (20:58): Shikamoo baba. Nimesikia. Mnisamehe.

Baba Mdogo Mafiati (21:20): Shikamoo baba. Sikuwahi kuambiwa ya mama.

Shangazi Uyole (21:31): Basi tufanye hivi. Kesho saa 2 asubuhi, geti la hospitali ya Rufaa, apige CT scan ya kichwa, macho na damu. Majibu yakitoka tunapanda kosta wote mpaka Tukuyu. Kila nyumba elfu thelathini, tumeni kwenye namba yangu ya siku zote, andikeni jina msije mkaniambia mlituma.

Baba Mdogo Mafiati (21:35): Dada kesho nina injini ya mtu, nimeifungua yote iko chini. Jumanne.

Shangazi Uyole (21:35): Kesho.

Baba Mdogo Mafiati (21:36): Jumanne dada. Nitakuja. Lakini sijasema sipigani.

Shangazi Uyole (21:36): Wala mimi sijasema utapigana.

Dogo Dodoma (21:40): Kwani ikionekana kichwa kizima?

Shangazi Uyole (21:48): Lala mwanangu.

Dada Nesi (23:52): Nimepata nafasi dakika mbili. Nimesoma ya Babu hapa kwenye korido, nimeshindwa kurudi wodini mara moja. Kona nitakaa mimi. Nitaomba likizo hiyo wikiendi. Kaka, muulize promota kama mtu wa familia anakubaliwa kona na kama kamisheni ya ngumi inataka kibali. Na daktari wa ulingoni ni nani, ana gari la wagonjwa au hana. Uandike majibu hapa, usinipigie.

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Shangazi Uyole (06:12): Waliotuma: Makambako 30,000. Nesi 15,000. Mimi 30,000. Kyela nasubiri. Iringa nasubiri. Dodoma nakujua wewe ni mwanafunzi, tuma hata elfu tano uwemo.

Mama Mdogo Kyela (06:20): Natuma nikiuza mchele leo.

Dogo Dodoma (06:41): Nimetuma elfu tatu, mbili nadaiwa

Baba Mdogo Mafiati (06:48): Asubuhi hii nimekimbia bila nailoni. Nesi uandike umeona.

Kaka Iringa (07:05): Promota kapokea. Glavu aunsi 10. Daktari anasema atakuwepo, jina hajanitajia. Gari la wagonjwa "linashughulikiwa". Kuhusu kona anasema ana watu wake tayari, mkataba unasema hivyo, na baba mdogo alisaini.

Shangazi Uyole (07:06): Nipe namba yake.