Kozi autlaini inataka umahiri, madogo wanakariri fomula: nawapimaje mapema?

MwlKigamboni: Habari zenu wakuu. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, chuo kimoja hapa Dar, darasa limechanganyika, kuna wa fomu siksi kombi tofauti tofauti na wengine wamepitia diploma. Kozi autlaini (mpango wa somo) inasema mwanafunzi akimaliza aweze kuchambua data na kuzitolea uamuzi, sasa nimesahihisha test ya kwanza nakuta fomula zote wanazo kichwani ila swali likigeuzwa kidogo tu wanapotea. Maksi zinanionyesha nani kafeli, haziniambii kakwama wapi. Nyie mnafanyaje kabla UE (mtihani wa chuo wa mwisho wa semesta) haijawamaliza?

DadaTakwimu: Angalia aina ya kosa mkuu. Mimi wiki ya kwanza nawapa maswali machache yasiyo na maksi za koswek (zile za kazi na test za ndani ya semesta), mfano kitenge cha 20,000 kimepanda asilimia 25 alafu kikashuka asilimia 25, sasa ni bei gani? Jibu ni 18,750 lakini utakutana na rundo la 20,000. Huyo kuzidisha anajua vizuri, asichojua ni hiyo asilimia ya pili inachukuliwa kwenye kiasi gani, ukimrudishia fomula mnapotezeana muda tu. Na aliyepata mwambie aandike amefikaje.

MzeeWaTegeta: Mnaongea vizuri ila darasa la watu 300 nani atasoma maelezo yote hayo? Alafu sekondari umahiri tumeusikia tangu mtaala wa 2005, mitihani ikaendelea na taja na eleza. Mtoto anasoma kinachoulizwa, hana kosa. Badilisheni mtihani kwanza.

DadaTakwimu: Kaka, si lazima usome zote kwa kina. Chota karatasi 30 bila kuchagua, panga mafungu kwa kosa walilofanya, yatatokea mafungu matatu manne hivi, kila moja unalipangia tyutoria yake (kipindi cha kundi dogo). Kwenye mtihani niko na wewe kabisa, wape jedwali la mauzo ya genge la Manzese wamshauri mwenye genge wiki ijayo aagize nini na kwa nini, hapo taja na eleza haimwokoi mtu.

KijanaMabibo: Walimu shikamooni. Mimi mwanafunzi, naomba muweke na fungu la lugha, msingi tumesoma Kiswahili, sekondari kikaja Kingereza, kuna watu hesabu wanaiweza ila swali hawajalielewa na hawasemi wanaogopa kuonekana vilaza.

MwlKigamboni: Marahaba. Hilo la lugha nadhani ndo liko kwangu. Sasa tyutoria nikiwapa kwa Kiswahili, UE ya Kingereza wataivukaje?

KijanaMabibo: Lekcha wetu swali analileta kwa Kingereza, kila mtu analisema upya kwa Kiswahili kwa maneno yake kabla hajashika kalamu, jibu tunaandika Kingereza. Aliyeshindwa kulisema anajulikana hapo hapo, na wenzie wanamsaidia.