Kaunsili wakosee wao, deni nilipe mimi!

Wakuu, niko kwenye basi na mikono inatetemeka, herufi mtanisamehe.

Hawa wa kaunsili yetu, halmashauri ya huku Uingereza, mnawajua, sina haja ya kuwataja. Leo barua: eti nimezidishiwa benefiti ya nyumba, ule msaada wa kulipia kodi ya nyumba, nirudishe pauni 2,140. Hela ambayo sijawahi kuiona hata rangi, inakwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba! Nilipoongezewa zamu za usiku kule kwenye nyumba ya wazee, slipu za mshahara nilizipeleka mwenyewe, wakazigonga muhuri. Wakazikalia mpaka zikaota ukungu.

Nikaenda dirishani. Yule dada akabofya weee, akanitazama, akasema: "Ulitakiwa ujue." ULITAKIWA UJUE! Barua yao ya hesabu, profesa wa Mlimani akifika ukurasa wa pili anaomba maji ya kunywa. Mimi niliyekesha nageuza wazee wa watu ndiye nijue kwamba wao kujumlisha hawawezi? Na alisema anatabasamu jamani. "Ulitakiwa ujue." Halafu: "Utalipa kwa kadi?"

KWA KADI!

Mzee wa Kontena: Pole sana. Ila ulitakiwa ujue 😂

Binti Makorokoro: Kumbe zamu zipo nyingi hivyo? Na mchango wa harusi ulisema huna kitu.

Nahodha: Acheni utani. Dada, sikiliza. Kosa likiwa lao na wewe hukuchangia, hawaruhusiwi kukudai, isipokuwa kama ungeweza kutambua wakati ule kwamba unazidishiwa. Yule hakuropoka, anakufungia mlango huo. Kata rufaa kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya barua, sema ni kosa la ofisi, ambatanisha slipu zenye muhuri. Wakigoma, faili liende kwenye baraza la rufaa. Na wapige upya hesabu ya ulichostahili kipindi hicho, mara nyingi deni hushuka.

Mwenye uzi: Asante kaka, nitaandika. Lakini wewe hukuiona ile sura. ULITAKIWA UJUE!

Mzee wa Kontena: Tumeshajua, dada.

Chizi Maarifa: Benefiti ya nyumba ya kaunsili bado ipo? Si wote tulihamishiwa Universal Credit, ule msaada mmoja wa serikali kuu?

Mwenye uzi: Niko kwenye nyumba za muda. Huku kodi bado inapitia kaunsili.

Babu Kidevu: Afadhali yako. Mimi wamenipiga faini ya kupaki mbele ya mlango wangu mwenyewe. Kibali kipo kwenye kioo, eti kimeinama.

Chizi Maarifa: Na mapipa ya taka je? Langu la kijani wamelikataa kwa sababu ya ganda moja la ndizi.

Babu Kidevu: Ndizi inaingia la kahawia, mzee.

Chizi Maarifa: Kwetu kahawia ni majani tu.

Mtu wa Mbagala: Yaani serikali inawalipia kodi halafu mnalia? Njooni huku. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na choo tunachangia na bata wake.

Mzee wa Kontena: Bata wa kawaida au bukini?

Mtu wa Mbagala: Wa kawaida. Mmoja anauma.

Binti Makorokoro: Anauza?