Mimi na mdogo wangu tukishika siasa tunarudi utotoni. Nifanyeje?

Wakuu, salamu.

Mdogo wangu wa kiume nimempita miaka miwili. Utotoni drafti yetu ilikuwa haimaliziki: anayekaribia kufungwa anapindua ubao, kete zinaingia chini ya kabati, mama anakuja na ufagio. Sasa kila mtu ana familia yake, ila tukigusa siasa ni yale yale. Juzi tunaangalia mdahalo wa wagombea, akaanza kunihesabia hoja kwa vidole. Kufika kidole cha tatu nikamkatiza, akapaza sauti, nikapaza zaidi. Hoja yake ya pili leo siikumbuki hata kwa dawa. Nakumbuka kile kidole usoni kwangu. Usiku akajitoa kwenye grupu la familia. Mama anasema mimi ndiye mkubwa, nijishushe. Neno hilo nalisikia tangu nina miaka sita!

Mzee Kimya: Acheni siasa. Ongeeni mpira.

Kete Nyeusi: Mpira? Huko ndiko watatoana macho.

Saa Mbovu: Mkuu, hata wakubwa wa dunia hawajiwezi. Tarehe 29 Septemba 2020 Trump na Biden walikatizana mpaka Biden akamwambia mwenzake anyamaze. Waliporudiana 22 Oktoba, kila mada ikianza mmoja anapewa dakika mbili, maikrofoni ya mwenzake imezimwa. Wazee wa miaka sabini na ushee, wanazimiwa maikrofoni kama watoto walionyang'anywa filimbi! Nanyi tegeni saa ya simu, dakika mbili mbili. Na kabla hujamjibu, rudia alichosema mpaka akubali kuwa ndicho alichosema.

Kifungua Mimba: Mimi pia ni wa kwanza kwetu, nakujua. Mkubwa anabishana abaki mkubwa, mdogo anabishana aonekane amekua. Wagombea wenyewe hawamo humo. Mtafute mkiwa wawili tu, maana mbele ya mashemeji hakuna atakayekubali kushindwa.

Kete Nyeusi: Swali dogo, mkuu. Ule ubao mara nyingi alikuwa anaupindua nani?

Mleta uzi: Umenibana. Mimi.

Nimemtumia ujumbe sasa hivi, namuuliza ile hoja ya pili ilikuwa ipi. Tiki zimegeuka buluu. Anaandika...