Matibabu ya saratani ni bure, lakini nauli na malazi alipe nani?

Mtoa mada (Dodoma Mjini):

Kwa mujibu wa sera ya afya, mgonjwa wa saratani husamehewa gharama za matibabu katika hospitali za umma. Hoja yangu ni kwamba msamaha huo humnufaisha mwenye uwezo kuliko asiye nao, na kwa hiyo Serikali igharimie pia nauli na malazi. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi hutolewa siku tano kwa wiki kwa takribani wiki tano: dakika chache kwenye mashine, kisha siku nzima ya kutafuta chakula na pa kulala. Mama wa Mpwapwa anayepewa rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa na ndugu Mbagala atamaliza tiba. Asiye na ndugu huuza ng'ombe, na fedha zikiisha hurudi kijijini kabla ya wakati. Na tiba hiyo ikikatizwa hadi kuvuka wiki nane, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua.

Wapo wanaosema kupona ni suala la damu na maumbile. Marekani wamelibishania hilo kwa miaka mingi, kwa kuwa wanawake weusi huko huugua saratani ya matiti kwa kiwango kidogo kuliko weupe, lakini hufa kwa takribani asilimia 40 zaidi. Ni kweli kwamba aina kali isiyoitikia dawa za homoni huwapata zaidi weusi. Hata hivyo, katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa nchi hiyo, ambako wote hutibiwa kwa utaratibu mmoja, tofauti ya vifo vya saratani ya tezi dume kati ya weusi na weupe imeonekana kupungua sana, ilhali miili ni ileile.

Muuguzi mstaafu (Kondoa):

Mwanangu, nimekusoma kwa makini, ila sikubaliani na vipaumbele vyako. Wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, na nauli ya Serikali hapo itamsafirisha mtu aliyekwisha kuchelewa. Kipimo cha siki, cha kutafuta dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, hakihitaji mashine kubwa: muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, na akiona baka jeupe lisilo la kawaida, kituo chenye kifaa huweza kuligandisha au kulichoma siku hiyohiyo, mama akarudi kwake. Chanjo ya kuzuia saratani hiyo kwa wasichana nayo ipo nchi nzima tangu 2018. Fedha zikiwa chache, zianzie huko.

Mtoa mada:

Shikamoo mama. Kipimo cha siki sikipingi hata kidogo. Lakini mfuatilie yule ambaye hali yake imepita uwezo wa kituo: anaandikiwa rufaa, anakatwa kipande kidogo cha nyama cha kupima, kipande hicho kinapelekwa maabara ya mbali, kisha anaambiwa arudi kufuata majibu. Kila kurudi ni nauli. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii tuliyoizoea kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilipangwa kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani pale hasa gharama zinapoanza kumlemea mtu. Tukimpima bila kumfikisha kwenye tiba, tumempa habari mbaya na karatasi.

Mkulima wa alizeti (Kibaigwa):

Mimi nauliza la utekelezaji, maana naona mnalipita. Nani ataamua kwamba huyu anastahili? Tukitumia orodha ya kaya maskini ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), ataachwa nje yule aliyekuwa na ng'ombe sita wakati orodha inaandikwa, kisha akawauza wote kwa ajili ya vipimo. Tukimwachia mtendaji wa kijiji, mnajua wenyewe yatakayotokea. Napendekeza barua ya rufaa yenyewe ndiyo iwe tiketi, ya mgonjwa na msindikizaji mmoja, bila mtu kuulizwa ana nini nyumbani. Ndugu mtoa mada, uko tayari hata mwenye gari lake alipiwe?