Stenti ya chuma au plastiki kwenye mrija wa nyongo? Mama ana kansa

Tegeta_kwetu: Wakuu habarini. Mama macho yamekuwa njano kabisa, anajikuna usiku kucha, mkojo kama chai ya rangi. Daktari kasema kansa imebana mrija wa nyongo, awekewe stenti, yaani kamrija ka kuweka njia ya nyongo wazi, tuchague plastiki au chuma, na chuma bei imechangamka. Tuchukue ipi? Jibu linatakiwa Jumatatu.

NesiZamu: Pole sana mkuu. Uvimbe uko wapi, kichwa cha kongosho au juu huko mrija unapotokea kwenye ini? Kuna mpango wa upasuaji? Bila hayo tutakudanganya.

Kibo: Chuma tu. Plastiki ni kamrija ka milimita 3 hivi, kama miezi mitatu kameziba mnarudi kulekule. Chuma inatanuka mpaka milimita 10.

BintiSaidi: Jamani chuma nayo ina mambo yake. Baba aliwekewa ile ya chuma yenye ganda, wavu wake umefunikwa, akaanza kula, macho yakatakata, tukashukuru. Mara homa, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, zahanati wakasema malaria wakampa dawa mseto hata kipimo hawajafanya, siku zinakatika na unjano unarudi. Kufika hospitali kubwa stenti imeteleza imeshukia kwenye utumbo, usaha umejaa kwenye mirija na maambukizi yameshaingia kwenye damu. Nusura tumzike. Mwenye stenti akipata homa ya kutetemeka msingoje asubuhi, anahitaji antibayotiki na mrija uzibuliwe.

Kibo: Hiyo ni ya ganda dada. Ya wavu mtupu inang'ang'ania, ni nadra kuhama.

NesiZamu: Inang'ang'ania kweli, ila kansa inapenya kwenye matundu ya wavu inaziba tena, na kuitoa ni karibu haiwezekani, wanapitisha nyingine ndani yake. Ya ganda inatoleka, ila ganda likifunika njia ya kifuko cha nyongo kinaweza kuvimba.

MzeeIlala: Mpelekeni India.

BintiSaidi: Mzee wangu, mgonjwa wa njano hivyo apande ndege saa ngapi? Na nani analipa?

MzeeIlala: Bima si zipo? Ingawa ya kwetu kazini waligoma, walisema plastiki tu.

Tegeta_kwetu: Ni kichwa cha kongosho, bilirubini (kipimo cha unjano kwenye damu) 310. Upasuaji hawajasema.

NesiZamu: Kaulizeni hilo kabla ya kulipa chochote. Na kuganda kwa damu kumepimwa?

Kibo: @MzeeIlala bima gani hiyo? Na sisi wametubana mwaka huu.