Tupeane uzoefu: "Tutakulipa mteja akishalipa" ilikukuta wapi?

Kalamu ya Kimara
Wakuu, leo asubuhi daladala imekwama kwenye foleni, natupa macho kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, nikayaona maneno yangu. Yale yale matano, herufi nyeupe, rangi imeanza kubabuka. Niliyahangaikia wiki mbili mwaka 2019, nikarudishiwa mara kumi na moja, na hadi leo sijaona hata senti. Wakala wa matangazo aliniambia atalipa mteja akishalipa. Nimefika kazini mikono inatetemeka.
Waandishi wa matangazo, wabunifu wa picha, watunzi wa skripti za redio, wote mnaofanya kazi za kujitegemea na hawa mawakala: ilikukuta wapi, ukajinasuaje? Mdogo wangu ameanza kazi hizi mwezi huu. Nataka asome hapa kabla hajampa mtu neno lake la kwanza.

Mbunifu wa Usiku
Hiyo sentensi naijua hadi sauti yake. Pole sana mkuu.

Mtu wa Tanga
Yangu ni ya tafsiri. Wakala wa Nairobi ananitumia tangazo la Kiingereza: "geuza tu, mistari sita", na analipa kwa neno. Sasa tangazo halitafsiriki jamani! Unatupa lile lote, unatunga jipya lenye mizani yake, kisha unalipwa kama aliyetafsiri cheti cha kuzaliwa. Kuna moja la kununua umeme kwa simu, waling'ang'ania liseme "stima". Nikawaambia huku kwetu stima ni meli, na umeme watu wananunua LUKU. Tulibishana siku tatu kwa neno moja, na siku zile tatu hakuna aliyezilipa.
Siku hizi ankara yangu inaandikwa "utunzi", na bei ni ya kazi nzima. Wawili wamenikimbia, mmoja amebaki, na huyo mmoja ananilipa kuliko wale watatu walivyokuwa wananilipa kwa pamoja.

Dada wa Ankara
Nusu mbele. Kabla hujafungua kompyuta. Basi.

Mzee wa Skripti
Dada, nusu mbele utaipata kwa mwenye duka. Wakala mkubwa ukimdai nusu anampigia mwingine kabla hujakata simu. Kwa hao mimi nadai LPO, ile hati rasmi ya kuagiza kazi, yenye jina langu, kiasi na tarehe ya kulipa. Bila hiyo karatasi situmi hata kichwa cha tangazo.

Dada wa Ankara
Mzee, LPO ninazo nne kwenye droo. Zimeiva kabisa na hazijalipwa.

Fundi Maneno
Naomba niandike kirefu, maana sijawahi kulisema hili popote.
Mwaka jana wakala mmoja hapa Dar alinipa kampeni ya Ramadhani ya bidhaa ya chakula. Skripti nne za redio, maneno ya mabango, na ujumbe wa mitandaoni wa mwezi mzima. Milioni mbili na laki nne, makubaliano yote WhatsApp. Nilikuwa naandika baada ya tarawehe mpaka daku, kwa sababu marekebisho yao yalikuwa yanaingia saa tano za usiku. Idi ikapita, nikapeleka ankara. "Mteja hajalipa, vumilia." Idi kubwa ikapita. "Mteja hajalipa." Kodi ya nyumba ya miezi sita ikafika, na mwenye nyumba hamjui mteja wala wakala. Nikauza kompyuta ile ile niliyoiandikia kazi.
Mwezi wa tisa nikaenda msibani Magomeni. Chini ya turubai nimekaa na kaka mmoja, tunakula, tunaulizana kazi. Kumbe yuko masoko kwa mteja yule yule! Akanisifia: "Kampeni ile wakubwa waliipenda mno, tuliilipa kabla hata ya Idi." Wali uligoma kushuka. Nikatoka pembeni, nikampigia mkurugenzi wa wakala, nikamwuliza kwa upole kabisa. Akarudia: mteja hajalipa. Nikampa simu yule kaka.
Upande wa pili kimya, kisha simu ikakatwa. Keshokutwa yake ikaingia milioni moja. Iliyobaki nangoja mpaka leo.

Mbunifu wa Usiku
Nimeisoma mara mbili. Mungu akufanyie wepesi kaka.

Nilikuwa Ndani
Nimefanya kazi kwa mawakala miaka sita, niseme kisichopendeza. Ulimruka wakala mbele ya mteja wake, na kwenye kazi hii hilo halisahauliki. Mara nyingi fedha haijaliwa na mtu. Mteja mkubwa analipa baada ya siku 60 au 90, redio zinataka zao kabla tangazo halijaenda hewani, mishahara inangoja. Ikiingia inaziba tundu lililo karibu, na wa kujitegemea yuko mwisho wa foleni.

Dada wa Ankara
Kwa hiyo kodi ya Fundi ndiyo ilizibe tundu la redio? Yeye alikopesha lini?

Nilikuwa Ndani
Sijasema ni haki, nimesema ndivyo inavyokwenda. Angeenda kwa mhasibu. Mkurugenzi anakupa maneno, mhasibu ndiye anayejua siku fedha inapoingia. Msalimie, mjue kwa jina.

Mzee wa Skripti
Kumpa simu yule kaka ningefanya hivyo hivyo. Aliyedanganya ndiye aliyemruka mwenzie.

Msomaji wa Nakuru
Ndugu zangu, huku Kenya tuna Mahakama ya Madai Madogo, ya deni lisilozidi shilingi milioni 1, na kesi inapaswa kuisha ndani ya siku 60. Mimi sikufika huko. Nilichapa mazungumzo yote ya WhatsApp, nikayaambatisha kwenye barua ya madai yenye siku 14, nikaipeleka ofisini mwenyewe na nakala yangu ikagongwa muhuri. Nililipwa siku ya kumi na mbili. Usifute hata ujumbe wa "sawa boss".

Kalamu ya Kimara
Mdogo wangu amesoma yote. Anauliza: wakala akimwambia atunge sampuli tatu bure kwanza ili "wamwone", atunge?

Mtu wa Tanga
Moja, ya bidhaa anayoichagua mwenyewe. Ya mteja wao halisi, hapana. Hizo ndizo zinazokutwa kwenye mabango.

Mzee wa Skripti
Mimi kazi zangu zote tatu kubwa zilianza na sampuli ya bure. Atunge, ila aitume kwa barua pepe yenye tarehe, na jina lake liwe juu ya kila ukurasa.

Fundi Maneno
Wadau, asanteni. Swali dogo: ile milioni moja iliingia pungufu, laki tisa na nusu. Wakasema ni kodi.

Nilikuwa Ndani
Hiyo ni kodi ya zuio, asilimia 5, wanakata kihalali. Lakini wanatakiwa wakupe cheti chake, ili TRA wakuhesabie kwenye ritani yako ya mwaka. Wamekupa?

Fundi Maneno
Hapana.

Nilikuwa Ndani
Kesho asubuhi nenda kwa mhasibu ukiwa na TIN yako, namba ya mlipakodi. Ukiwa pale mezani kwake, mwulize na ile milioni na laki nne.