Mwenye nyumba Mbeya kamtoa mdogo wangu nje kwa fununu, na kodi ya miezi minne kabaki nayo

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Ila kila ninachosema hapa nimekiona mwenyewe au nimeambiwa na aliyetendewa.

Mdogo wangu ni fundi nguo Mwanjelwa, ana miaka 29. Januari alipanga chumba Soweto na fundi mwenzake, wakachanga kodi ya miezi sita, elfu hamsini kwa mwezi. Laki tatu taslimu mkononi mwa mwenye nyumba. Vijana kushea geto ni kitu cha ajabu hapa mjini? Wanachuo wanalala watatu chumba kimoja na hakuna anayewauliza.

Kosa lao: hawaleti wanawake. Mdogo wangu ana sauti nyembamba tangu utotoni. Mwenzake ndiye anayefua, anaanika nguo za wote wawili kwenye kamba moja. Basi, hayo tu. Mpangaji wa chumba cha pili akaanza kunong'ona, maneno yakazunguka bombani, yakamfikia mwenye nyumba. Machi, jioni ya mvua, napigiwa simu, nafika nakuta vitu viko nje. Godoro limelowa chapachapa. Cherehani imenyeshewa. Sare za shule za wateja, zilizokuwa zichukuliwe Jumatatu, ziko kwenye tope.

Nikamwamkia mzee shikamoo, nikamuuliza kwa adabu: baba, vijana wamekukosea nini? Akanijibu, "Nyumba yangu siyo ya kufungia ndoa za jinsia moja."

Ndoa! Nani kataja ndoa? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Hakuna aliyekwenda kwa mkuu wa wilaya kuomba cheti kingine. Bara zima la Afrika nchi iliyoruhusu ni moja, Afrika Kusini, tangu 2006. Mdogo wangu hakuomba ndoa. Aliomba chumba, akakilipia.

Na kabla hamjanirukia: mimi ni Mmoraviani, suala la ndoa naamini kama kanisa langu linavyofundisha, na sijabadilika. Ndiyo maana nimeumia zaidi. Imani yangu imegeuzwa kisingizio cha mtu kula laki mbili za watoto wa wenzake. Kama mdogo wangu yuko hivyo au hayuko, sijamuuliza, sitamuuliza, na ninyi pia msiniulize.

Mzee ni kiongozi wa jumuiya, kwa hiyo akaniletea habari za Vatican, kwamba Desemba 2023 mapadri waliruhusiwa kuwabariki watu wa namna hiyo "na ninyi mnataka kutuletea hapa". Mzee, tamko lile lenyewe lilisema baraka hiyo siyo ndoa. Januari 2024 maaskofu wa Afrika wakasema huku kwetu haitafanyika. Sawa, wamekataa. Lakini katika tamko lao hilohilo walisema watu hao watendewe kwa heshima na utu. Hilo la pili halikusomwa jumuiyani? Au lilisomwa, lakini utu wenyewe ndio huu wa kumrushia mtu godoro lake mvuani?

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Hakuuliza risiti, hakuuliza mkataba. Akasema tushukuru hawajalala kituoni.

Ngoja niseme hili taratibu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu kujamiiana kinyume cha maumbile, ni kikali, miaka 30 hadi maisha, hakuna asiyejua. (Wanaosema ni utamaduni wa mababu wakumbuke kwamba sheria ya aina hiyo tuliletewa na Mwingereza, naye kwake alianza kuifuta 1967.) Lakini hata kifungu hicho kinaadhibu tendo lililothibitishwa mahakamani. Hakiadhibu sauti nyembamba. Hakiadhibu nguo kwenye kamba. Katiba ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika ana hatia, na hawa hata kushtakiwa hawajashtakiwa! Mwaka 2018 Paul Makonda, akiwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza msako wa mashoga na kuwataka wananchi wataje majina. Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba hayo ni maoni yake binafsi, siyo msimamo wa serikali. Kama mkuu wa mkoa aliambiwa hivyo, mwenye nyumba wa Soweto na mwenyekiti wake wamepata wapi mamlaka?

Mtaniambia nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba. Nililitaja mimi wa kwanza. Mdogo wangu akaniangalia, akasema, "Dada, nikisimama pale ataulizwa kwa nini alinitoa, na atajibu mbele ya watu wote." Nikakosa la kusema. Mzee analijua hilo. Anajua fika kwamba mwenye hofu hadai, ndiyo maana anatembea kifua mbele na laki mbili mfukoni.

Na fununu haikuishia Soweto. Mama yetu yuko Tukuyu, ana presha. Kuna mtu, sijui nani na Mungu anamwona, alimpigia simu akamwambia mwanao kaolewa mjini. Mama hakula siku mbili.

Yule mwenzake naye kaacha kwenda kliniki. Siyo siri kubwa, alikuwa anaenda kupima VVU kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho mhudumu aliwaita wahudumu wengine waje wamwangalie, wakacheka. Harudi. Hii ndiyo mikoa yetu: utafiti wa taifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4. Halafu mtu anayekuja kupima kwa miguu yake anachekwa mpaka anakimbia. Tumezika wangapi nyanda hizi? Mimi tu nimezika shangazi wawili.

Cha kunichoma zaidi, mtaa huohuo mtoto alilawitiwa na ndugu yake, kosa la kifungu kilekile cha 154, na wazee wakakaa kikao wakayamaliza nyumbani. Mwenye nyumba huyu alikuwa kwenye kikao. Hakuna aliyetolewa godoro nje.

Sasa hivi mdogo wangu analala sebuleni kwangu, Uyole. Cherehani imeota kutu, sare amelipa kwa mkopo. Chumba kimeshapata mpangaji mwingine, kwa hiyo mzee anakula kodi mara mbili. Nataka laki mbili zirudi na cherehani itengenezwe kwa gharama yake. Kama kuna wakili hapa Mbeya anayeweza kudai kwa barua bila kumsimamisha kijana mbele ya watu, anitumie ujumbe. Risiti ninayo, na picha za vitu mvuani ninazo.